Kiinitete cha paini na homoni tunayokipa: shajara ya mradi, Buswelu

2 Juni

Naanza shajara hii kwa sababu ya miche ya mwaka jana. Nililoweka mbegu za paini usiku kucha katika maji yenye unga wa kuotesha mizizi, ule wa vipandikizi, kwa ushauri wa mtu niliyemwamini. Niliwaza kwamba kama unga ule unatoa mizizi kwenye kijiti cha waridi, mbegu nayo itatoa mizizi maradufu. Zilizoota zilikuwa na mizizi mifupi na minene, na kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kikaiangusha mingi kabla haijafika kwenye viriba. Wateja wawili walikuwa wameshalipa. Niliwarudishia fedha zao, na aibu nikabaki nayo mwenyewe.

Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: kile kiinitete kilichomo ndani ya mbegu huifanya nini homoni tunayokipa? Wenye vitalu huku kanda ya ziwa tunaizungumzia homoni kama mbolea, kwamba ukiongeza, mti unaongezeka. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, nimefundisha kidato cha nne sura ya homoni za mimea miaka mingi, na bado nilifanya kosa lile. Mwaka huu nataka nione kwa macho.

Nina chumba cha nyuma, jiko la presha la kuchemshia vyombo, chupa ndogo za dawa zilizooshwa, mizani niliyoazima, na mpwa wangu anayesubiri matokeo ya mtihani na ana mikono tulivu kuliko yangu.

4 Juni

Nimeandaa chakula cha viinitete: maji, chumvi za madini, sukari na agari, ule unga wa mwani unaogandisha chakula. Mpwa aliuliza kwa nini tusitumie mwani wa Zanzibar badala ya kununua agari kwa bei hii. Swali zuri. Mwani unaolimwa kule kwa wingi hutoa karajinani, ambayo ni jamaa ya agari lakini si yenyewe. Nimeamua nisiingize jambo jipya katika jaribio ambalo tayari ni dogo.

Leo nimejaza chupa tano tu, zikiwa na oksini ya asili, homoni ya ukuaji ambayo wanakemia huiita asidi ya indoli-asetiki, miligramu 1 kwa lita. Nimezifunga karatasi ya fedha na kuziweka kabatini bila kiinitete chochote. Oksini hii ina udhaifu: mwanga unaivunja, joto nalo linaidhuru, ndiyo maana nimeitia baada ya chakula kupoa. Chupa hizi zitakaa siku kumi zikiwa tupu. Nikija kuona mizizi iliyodumaa imeanza kunyooka, lazima niweze kusema kama homoni ilikufa yenyewe kabatini au kiinitete kilihusika.

9 Juni

Mbegu zimefika. Ni Pinus caribaea, mpaini wa Karibi, unaovumilia joto letu kuliko Pinus patula wa Mexico unaopenda baridi ya Mufindi. Mpwa alidhani ni ndugu wa mvinje ulio pale njia panda. Wengi hufikiri hivyo kwa sababu ya yale majani kama sindano, lakini mvinje ni mti wa maua. Mpaini hauna ua, na mbegu zake hukaa wazi juu ya magamba ya koni.

Tumepasua mbegu moja iliyolowekwa ili tujifunze njia. Ganda gumu linatoka kwa kikata kucha. Chini yake kuna utando kama karatasi ya sigara, kisha nyama nyeupe yenye mafuta, na katikati ya nyama hiyo, ndani ya kishimo chembamba, amelala mwenyewe: kijiti cheupe kisichofika milimita tano, upande mmoja kimechongoka, upande wa pili kina vijani vidogo vilivyokusanyika kama vidole vilivyofumbwa. Tulihesabu saba. Mahindi yana jani la mbegu moja, maharage mawili, na huyu anakuja na saba.

Nilimweleza mpwa habari za ile nyama nyeupe, maana watu huifananisha na kiini cha punje ya hindi, na si hivyo. Kwenye hindi, chakula hicho huundwa baada ya urutubishaji na kina mchango wa baba na wa mama. Kwenye mpaini kiliumbwa kabla yai halijarutubishwa, kina seti moja tu ya kromosomu, nayo ni ya mama. Jingine lililomshangaza ni kwamba yai moja la mpaini likisharutubishwa, kiinitete hugawanyika kuwa pacha wanne, na mbegu nyingine huanza na makundi zaidi ya moja. Wanashindana ndani ya kishimo kile kile, na kwa kawaida mmoja tu ndiye anayekomaa. "Mjomba, kumbe hata huyu tuliyemtoa aliwashinda nduguze." Ndiyo.

14 Juni

Siku ndefu. Mbegu 48 zimekaa dakika kumi na tano katika jiki iliyozimuliwa, zikasuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Mpwa alitoa viinitete, mimi nikavilaza. Vitatu kwa kila chupa, juu ya tabaka jembamba la agari. Chupa nne kwa kila kundi.

A haina homoni. B ina oksini ya asili mpya, miligramu 1 kwa lita. K, yaani "kongwe", ni zile za tarehe 4 zilizokaa siku kumi tupu, na moja nimeirudisha kabatini bila kuigusa. D ina 2,4-D kwa kipimo kile kile cha miligramu 1.

Hiyo 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa viwandani. Katika maduka ya pembejeo inauzwa kama dawa ya kuua magugu ya majani mapana shambani mwa mahindi, na maabara zinazokuza tishu huitumia kwa vipimo vidogo sana. Chupa yake nimeifungia mbali na watoto.

Saa mbili usiku tulikuwa na chupa nne za mwisho mezani. Mwezi umeandama juzi, na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, waliifuata taa yetu. Waliingia kwenye sanduku la vioo tunalofanyia kazi, wakaanguka kwenye sahani na kwenye kibanio. Tulizima taa, tukakaa gizani karibu saa nzima, kisha tukamaliza kwa tochi iliyofunikwa kitambaa.

19 Juni

Ukungu umeota kwenye chupa nne, moja katika kila kundi, na zote ni zile za mwisho za usiku ule. Nimezitoa. Zimebaki chupa tatu kwa kila kundi, viinitete tisa.

A: mizizi imetoka kwa saba kati ya tisa, imenyooka, ncha nyembamba.
B: mizizi imetoka, lakini ni ile ile niliyoiona mwaka jana. Mifupi, minene, imedumaa. Nilikaa nikiitazama muda mrefu.
K: imedumaa vilevile, labda kwa kiasi kidogo kuliko B. Kwa hiyo siku kumi za kabatini hazikuiua oksini.
D: vimevimba tu.

24 Juni

Leo ndiyo siku iliyonifanya nimwite mke wangu kutoka jikoni. Kwenye B, viinitete vitano vimetoa ncha mpya nyeupe mbele ya ule mzizi mnene, kama uzi uliochomoka kwenye fundo. Hakuna aliyefungua chupa. Chakula ni kile kile, kipimo nilichotia ni kile kile, na kiinitete kimeendelea na safari yake.

Nataka kuandika hapa ninavyoelewa jambo hili, kwa kirefu, kwa sababu ndilo lenyewe.

Mmea hauipokei oksini kama ndoo inavyopokea maji. Seli ikiona oksini imezidi, inaamsha vimeng'enya vya kuishughulikia. Kundi moja, ambalo wanabiolojia hulitaja kwa jina GH3, huifunga oksini na asidi amino, kwa mfano aspati. Ikishafungwa hivyo haiwezi kushika kipokezi chake, kwa hiyo haisemi kitu. Njia nyingine ni kuiunguza kwa oksijeni hadi iwe kitu kingine kisichofanya kazi ya oksini na kisichorudi nyuma. Njia ya tatu ni kuifunga na sukari na kuiweka akiba. Nilimfananishia mpwa na fedha: ile uliyotia kwenye kibubu bado ni yako, siku ukihitaji unakivunja, uliyoitumia imekwenda. Na fedha ya kibubuni, hata ikiwa laki tano, haikununulii mkate asubuhi ya leo. Inayonunua ni ile iliyo mkononi, yaani oksini iliyo huru.

Kibubu hiki wamekiona wanasayansi wa Umeå, Uswidi, katika mbegu za mpaini wa kwao, Pinus sylvestris, kazi iliyochapishwa mwaka 2001. Mbegu kavu inakuwa na oksini iliyofungwa. Ikilowa na kuanza kuota, vifungo vinakatwa na oksini huru inapanda kabla mzizi haujarefuka. Baadaye ndipo mche unapoanza kujitengenezea yake, na njia za kuiharibu inayozidi zinaamka kwa kufuata umri wa mche. Yaani mbegu ya mpaini haikuja mikono mitupu. Mama aliiwekea homoni na akaiwekea muda wa kuitoa.

Nikirudi kwa miche yangu ya mwaka jana, naona nilichofanya. Mbegu ilikuwa inavunja kibubu chake kwa wakati wake, na mimi nikamwaga juu yake mzigo mwingine. Unga ule una asidi ya indoli-butiriki, ambayo seli hupunguza mnyororo wake na kuigeuza kuwa oksini ya asili. Kwa hiyo nilikuwa nimekipa kiinitete kazi ya kusafisha nyumba siku ile ile aliyopaswa kutoka nje. Kijiti cha waridi hakina mzizi, kinahitaji kushtuliwa kiutengeneze. Kiinitete kina mzizi tayari tangu kwenye koni, kinachohitaji ni kuurefusha, na oksini nyingi huuzuia mzizi kurefuka.

28 Juni

B sasa ni saba kati ya tisa. K ni sita. D hakuna hata mmoja. Viinitete vya D vimegeuka kuwa bonge laini la rangi ya maziwa, majani ya mbegu yamekunjamana, mzizi umebaki kisiki.

Tofauti ya B na D iko kwenye kimoja tu. Vyote viwili vinagonga mlango ule ule wa seli, lakini 2,4-D haivunjwi kwa urahisi kama oksini ya asili, kwa hiyo inakaa, na inaendelea kugonga. Ukaidi huo ndio unaoifanya iue magugu. Na ndio huohuo uliowafaa wanasayansi mwaka 1985 walipofanikiwa kupata viinitete vingi vya mti wa Ulaya uitwao Picea abies kutokana na tishu za kiinitete kichanga: 2,4-D pamoja na sitokinini, homoni ya kugawanya seli, huzifanya seli ziendelee kuzaliana bila kukomaa, na siku ukiziondoa homoni hizo ndipo viinitete huanza kujipanga, juu wapi na chini wapi. Mimi sina vifaa vya kufika huko. Lakini lile bonge la D ninalolitazama ni hatua ya jirani.

1 Julai

Mpwa amenibana, na amenibana vizuri. "Mjomba, utajuaje kwamba kiinitete ndicho kilichoimaliza homoni? Labda kimezoea tu." Kweli. Mtu akikaa karibu na soko la samaki la Mwaloni wa Kirumba haisikii tena harufu ya dagaa, na dagaa bado wapo. Seli nazo zinaweza kupunguza usikivu wao.

Njia aliyoipendekeza, na naandika kuwa ni yake: tuwatoe wapangaji wa kwanza, tuingize wapangaji wapya katika chakula kile kile kilichotumika. Kama homoni bado imo, mgeni atadumaa. Tumeingiza viinitete viwili vipya katika kila chupa tupu ya B na ya D, sita kwa sita. Na ile chupa moja ya K niliyoiacha kabatini tangu tarehe 4 Juni nayo imepata wawili.

9 Julai

Wapangaji wapya wa B: watano kati ya sita wamenyooka kama A. Wa D: wote sita wamevimba. Wa chupa ya kabatini: wote wawili wamedumaa.

Wawili ni wachache mno, najua. Lakini wote watatu, yaani B, D na kabati, wanaelekeza upande mmoja. Oksini ya asili iliyokaa peke yake mwezi mzima gizani bado ina nguvu ya kudumaza, na ile iliyokaa na viinitete siku kumi na saba haina tena. Kilichoiondoa kilikuwa ndani ya chupa.

Mpwa amepewa kazi ya kuchora jedwali. Amechora vizuri kuliko mimi.

12 Julai

Nimehamishia mabonge manne ya D kwenye chakula kisicho na homoni, nione kama yatapona.

20 Julai

Safari ya Buhindi kuomba udongo wa chini ya mipaini mikubwa, kwa njia ya daraja la Kigongo–Busisi. Mpaini usipokutana na ukuvu wa mizizi yake utabaki wa manjano hata ukiupa samadi, kwa hiyo kila mwenye kitalu huchanganya udongo huo kwenye viriba. Mzee mmoja anayetunza kitalu kule, baada ya "mwangaluka" na salamu zote, alinisikiliza habari za chupa zangu, kisha akasema: "Baba, mimi mbegu naziloweka maji ya kawaida usiku mmoja, basi." Nilimwambia nimetumia miezi miwili kufika pale alipo.

Miche ya A na B imeingia kwenye viriba. Sioni tena tofauti kati yake.

23 Julai

Mabonge ya D hayajapona. Moja limetoa kitu cha kijani, si jani wala si mzizi. Homoni iliyokwisha kuingia ndani haikutoka kwa kubadilishiwa chakula.

27 Julai

Rafiki anayefanya kazi maabara amenigawia chembe ya asidi ya absisiki. Bei yake sokoni siwezi kuimudu, kwa hiyo nimekuwa na siku tatu za kufikiri nitaitumiaje.

Absisiki ni homoni ya "subiri". Ndiyo inayokifanya kiinitete kijaze akiba ya mafuta na protini, kivumilie kukauka, na kisiote kingali ndani ya koni. Kwenye mipaini ya nchi za baridi na jamaa zake, kama Pseudotsuga ya Marekani Kaskazini, wapanda miti huweka mbegu zilizolowa mahali pa baridi wiki kadhaa kabla ya kupanda, na katika muda huo absisiki ya ndani hushuka. Mpaini wetu wa Karibi hauhitaji subira hiyo.

Kinachonivutia ni namna inavyoondolewa. Kimeng'enya kinaongeza oksijeni mahali pamoja pa molekuli, nayo inajikunja kuwa asidi ya faseiki, halafu dihidrofaseiki, na sauti yake imekwisha. Nyingine hufungwa na glukosi. Miaka ya 1990 watafiti wa Saskatoon, Kanada, walizipa seli za viinitete vya Picea glauca, ndugu wa ile Picea abies, absisiki za sura mbili, ya asili na pacha wake wa kwenye kioo, zinazofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Seli ziliimeza ile ya asili na kuigeuza, pacha wake zikamwacha. Vimeng'enya vinajua mkono wa kulia.

Chembe nilizopewa zinatosha chupa tano. Nimetumia tatu, viinitete tisa. Nimeziita S, za subira.

10 Agosti

S, siku ya kumi na nne. Viinitete saba vimelala vilevile, vyeupe, vizima, havijavimba wala havijaoza. Viwili vimeanza kurefuka, na kimoja kina rangi ya kijani kwenye majani ya mbegu.

Mpwa alifurahi, akataka kuandika kwamba viwili hivi vimeshaila absisiki yao. Nimemzuia. Safari hii hatukuweka chupa tupu kabatini, kwa sababu niliionea uchungu dawa, nikaona kila tone lipate kiinitete. Kwa hiyo sijui kama homoni imepungua kwa kuliwa au kwa kukaa.

Dawa iliyobaki inatosha chupa mbili. Nilikuwa nimepanga kuongeza viinitete sita. Usiku huu nimezijaza zote mbili, nimezifunga karatasi ya fedha na kuziweka kabatini bila kitu ndani. Zitafunguliwa tarehe 24.